Kubadilisha betri ya pikipiki nyumbani: kinachoharibika kabla na baada ya spana

Kutoa betri ya pikipiki na kuweka nyingine ni kazi ya dakika 20, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana. Hasara huanzia kwingine. Kuna anayetupa betri nzima kwa sababu ya waya uliolegea. Kuna anayefunga betri mpya bila kuichaji. Na kuna anayeifunga kwenye pikipiki ambayo rektifaya yake (kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri na kuzuia volti zisizidi) ilishakufa, kisha baada ya miezi miwili anarudi dukani kugombana na muuza spea. Kwa hiyo tunaanza na mita ya kupimia umeme. Spana itasubiri.

Je, ni betri kweli?

Dalili zinajulikana: ukibonyeza selfu unasikia ka-ka-ka ya rilei (swichi inayopeleka umeme wa selfu) peke yake, honi inakoroma, indiketa zinawaka bila kupepesa, lakini ukipiga kiki injini inawaka vizuri. Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo huletwa na kichwa cha betri kilicholegea, waya wa ethi (ule wa hasi) ulioshika kutu pale unapofungwa kwenye fremu, au rilei iliyochoka. Kabla ya kununua chochote, toa kava la pembeni au siti, shika waya mmojammoja kwenye betri na uutikise. Ukicheza, umekwisha kupata mtuhumiwa wa kwanza. Unga unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri nao huzuia umeme kupita.

Kisha chukua multimita, hata ya bei ya chini kabisa. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Pikipiki iwe imezimwa na imepumzika saa moja au zaidi, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa hutoa namba ya uongo. Waya mwekundu wa mita uguse chanya, mweusi uguse hasi. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo hivi, na chini ya 11.8 imekwisha.

Kuisha si kufa. Betri iliyosoma 11.5 kwa sababu swichi iliachwa wazi usiku kucha inaweza kufufuka ikichajiwa mapema. Ichaji, iache ilale usiku mmoja bila kuunganishwa na kitu, ipime asubuhi. Ikibaki 12.6, nenda kazini. Ikiwa imeshuka hadi karibu na 10.5, usiendelee kuhangaika: ndani ya betri mna vyumba sita, kila kimoja hutoa volti 2.1, na 10.5 maana yake chumba kimoja kimekufa. Hakuna chaja itakayokirudisha.

Kipimo cha mwisho ni cha mzigo. Acha mita kwenye vichwa vya betri, bonyeza selfu, tazama namba. Betri nzima hushuka kidogo na kubaki juu ya 9.6 au 10. Betri iliyochoka huanguka hadi 8, 7, wakati mwingine 5, hata kama kabla ya hapo ilisoma 12.5 bila wasiwasi. Lakini namba ikibaki 12.4 na injini haizunguki kabisa, betri haina kosa. Umeme haufiki kwenye stata, mota inayozungusha injini. Hapo tafuta rilei, swichi ya klachi, au brashi za kaboni za stata yenyewe.

Ukipuuza betri iliyokufa kwa kuwa kiki bado inafanya kazi, pikipiki ina namna mbili za kukujibu. Zile ambazo CDI yake (kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi) inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneto, kizalisha umeme cha injini, zitawaka na kutembea. Zile ambazo CDI inategemea betri, pamoja na zote zenye sindano ya mafuta badala ya kabureta, zitasumbua au zitagoma kabisa. Hata zinazotembea, betri huwa inazuia volti zisiruke ovyo ukikaza mafuta, kwa hiyo anayeendesha bila betri huanza kuunguza balbu na fleshi (kinachopepesesha indiketa) bila kujua sababu.

Kuchagua: soma maandishi, usitazame umbo tu

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutumia betri ya volti 12 yenye ampea-saa 4 hadi 7. Namba hiyo, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba, imeandikwa ubavuni kama Ah. Pamoja nayo kuna msimbo wa aina ya betri, na msimbo huo ndio wa kupeleka dukani.

Chukua YTX5L-BS. Wengi hudhani 5 ni ampea-saa. Hapana, betri hiyo ni ya 4Ah. Vivyo hivyo YTX7A-BS ni ya 6Ah. TX ni aina isiyoongezwa maji, ile mafundi wanayoiita betri kavu ingawa ndani ina asidi iliyonyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo. L inaonyesha kwamba chanya iko kulia ukiitazama betri kwa upande wenye vichwa. BS maana yake inauzwa na asidi yake pembeni kwenye chupa. Betri za maji za mtindo wa zamani huandikwa namna nyingine: 12N5-3B ni ya volti 12 na 5Ah, na herufi na tarakimu za mwisho hutaja mahali chanya ilipo na upande mpira wa kupumulia unapotokea.

Upande wa chanya ni jambo la kufa na kupona. Betri mbili zinaweza kufanana kama mapacha, zikaingia kwenye kisanduku kilekile, lakini chanya ya moja iko kushoto na ya nyingine kulia. Nyaya za pikipiki ni fupi kwa makusudi. Ukijikuta unavuta waya kwa nguvu ili ufike, simama: umenunua betri yenye vichwa vilivyogeuzwa.

Vipimo navyo viangalie kwa rula. YTX5L-BS ina milimita 114 kwa 71 kwa 106 kwenda juu. YTX7A-BS ina 150 kwa 87 kwa 94. Haziwezi kubadilishana kisanduku. Ukipata yenye ampea-saa zaidi kidogo na inaingia bila kulazimishwa, haina madhara, itachukua muda mrefu zaidi kujaa tu. Ndogo kuliko ya asili usikubali, hata muuzaji akisema "ni zilezile".

Betri ya maji au kavu? Kwa anayeanza, kavu. Haihitaji kuongezwa maji, haimwagi asidi kwenye fremu pikipiki ikianguka, na haina mpira wa kupumulia wa kusahaulika. Ya maji ina faida moja: inavumilia zaidi pikipiki inayochaji kupita kiasi, kwa sababu maji yaliyochemka unaweza kuyarudisha. Betri za lithiamu nazo zimeingia sokoni, nyepesi sana, ila zinataka chaja yake na rektifaya isiyopitisha volti 14.6. Kwenye pikipiki ya zamani ziache.

Dukani omba mita. Betri iliyokwisha kujazwa asidi ikisoma chini ya 12.4, imekaa rafuni muda mrefu mno; chukua nyingine.

Asidi na chaji ya kwanza

Hapa ndipo betri nyingi mpya huuawa. Desturi ya maduka mengi ni kumimina asidi mbele ya mteja, kufunga vifuniko na kumkabidhi papo hapo. Mteja anaifunga, selfu inaitikia, anaondoka na furaha. Betri hiyo ilikuwa na chaji ya kama asilimia 80 tu, na isipojazwa kikamilifu mara ya kwanza haitafikia uwezo wake tena. Baada ya miezi michache inaitwa feki.

Ukiinunua na chupa yake, fanya hivi. Vaa glavu na miwani, kaa nje au kwenye uwazi, bila sigara na bila jiko karibu, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Weka betri mahali pa usawa na ubandue karatasi inayoziba matundu sita. Toa ukanda wa vifuniko kwenye chupa, usiutupe, ndio utakaofunga betri. Usitoboe foili ya chupa kwa kisu. Igeuze chupa na uikandamize kwenye matundu yote sita kwa mara moja. Asidi itashuka yenyewe huku mapovu yakipanda. Safu moja isipotoa mapovu, igonge chupa taratibu kwa kidole. Acha dakika 20 au zaidi mpaka chupa yote iwe tupu, kwa sababu kiasi kilichomo kimepimwa kwa betri hiyo. Usipunguze, usiazime asidi ya betri nyingine.

Kisha iache itulie angalau nusu saa, vifuniko vikiwa vimewekwa juu tu bila kukazwa. Ichaji kwa moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya 5Ah kwa ampea 0.5, ya 4Ah kwa ampea 0.4, kwa saa kadhaa hadi isome 12.7 au zaidi baada ya kupumzika. Chaja ya gari ya ampea 10 itaichemsha. Ikishajaa, kandamiza ukanda wa vifuniko mpaka ukae sawa na bodi. Usiufungue tena maishani mwake.

Kwa betri ya maji, kuna kifuniko kidogo, mara nyingi chekundu, kwenye mdomo wa kupumulia. Kitoe kabla ya kumimina asidi. Kikisahaulika gesi haina pa kutokea na betri inaweza kupasuka. Asidi ijae hadi mstari wa UPPER, na hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuongeza asidi. Kadiri miezi inavyopita kinachopungua ni maji tu, asidi inabaki ndani, kwa hiyo unaongeza maji yaliyotoneshwa. Wengine huuziwa asidi kwa jina hilohilo la "maji ya betri", wanaiongeza, mchanganyiko unakuwa mkali na sahani za risasi zinaliwa. Soma chupa. Maji ya bomba nayo hayafai, yana madini.

Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa nzima kabla ya kukimbilia hospitali. Kwenye ngozi ni hivyohivyo. Nguo usihesabu, zitatoboka kwenye kufuliwa kwa pili.

Kutoa ya zamani, kufunga mpya

Vifaa: bisibisi ya nyota, spana namba 8 na namba 10, mswaki wa zamani, magadi kidogo, grisi au vaselini. Piga picha ya betri kwa simu kabla ya kugusa chochote. Baadaye utajua waya wa trakingi ulikuwa upande gani.

Zima swichi, toa ufunguo. Fungua hasi kwanza. Sababu yake inafaa kueleweka, maana anayeikariri bila kuielewa huisahau. Fremu yote ya pikipiki, injini na bolti zake, imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana yako ikagusa fremu, umepiga shoti moja kwa moja betrini, nje ya fyuzi yoyote: spana inatoa cheche, inaweza kunata, na betri inaweza kupasuka. Ukishatoa hasi, fremu haina tena uhusiano na betri, na spana ikigusa chuma hakuna kinachotokea. Funika waya wa hasi kwa kitambaa usirudi kugusa. Ndipo ufungue chanya, utoe mkanda wa mpira au bati linaloishika betri, kwa betri ya maji uchomoe mpira wa kupumulia, na uinue betri ikiwa wima.

Tazama kisanduku. Kama kuna rangi iliyobambuka na kutu, asidi ilimwagika. Koroga magadi, yaleyale ya kupikia maharage, kijiko kwa kikombe cha maji, pakaa kwa mswaki kwenye kisanduku na kwenye ncha za nyaya. Povu likikoma asidi imekwisha. Suuza, kausha kabisa. Ncha zisizong'aa zipige msasa.

Kufunga ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Hapa kuna kero ambayo maelekezo mengi hayaitaji. Nati ya betri ni kipande cha mraba kilicholegea ndani ya kichwa, na kila ukisukuma bolti yenyewe inazama. Chomeka kipande cha sponji au cha mpira wa tairi chini ya nati ili iinuke ikutane na bolti. Kaza mpaka waya usicheze, kisha acha. Risasi ni laini, ukikaza kwa hasira utang'oa kichwa na dhamana haitakusaidia. Nyaya za vitu vya ziada, kama taa za LED au redio, ziwe juu ya waya mkuu wa pikipiki, zisikae katikati yake na kichwa cha betri. Paka grisi kidogo juu baada ya kukaza, si kabla. Rudisha kofia nyekundu ya chanya.

Mpira wa kupumulia wa betri ya maji upitishe njia yake ya zamani, ushuke chini bila kujikunja, mdomo wake ukae mbali na cheni na ekzosi. Mvuke wa asidi ukidondokea cheni kila siku, utabadilisha cheni kabla ya betri.

Ukigeuza chanya na hasi

Ukigusanisha waya wa mwisho na ukaona cheche kubwa, ondoa mara moja. Ndani ya rektifaya mna dayodi, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Betri ikigeuzwa, upande uliokuwa umefungwa unafunguka na ampea nyingi zinapita. Bahati nzuri ni fyuzi kuungua, nyingi zikiwa za ampea 10 hadi 20, mara nyingi na ya akiba ndani ya kisanduku chake. Weka ya akiba, rekebisha nyaya, jaribu. Bahati mbaya ni pale ambapo mtu aliwahi kufunga uzi wa waya au foili ya sigara badala ya fyuzi. Hapo kinachoungua ni rektifaya, CDI au mkanda mzima wa nyaya. Ukikuta fyuzi ya namna hiyo, ing'oe leo na uweke halisi.

Pima chaji kabla ya kushangilia

Washa injini, mita kwenye vichwa vya betri. Ikinguruma taratibu namba inaweza kuwa ndogo, usijali. Kaza mafuta hadi mzunguko wa kati: unataka kati ya 13.5 na 14.8. Ikizidi 15, rektifaya haizuii tena. Itaichemsha betri mpya kama ilivyoichemsha ya zamani. Isipofika 13, betri haichajiwi. Anza na soketi ya rektifaya, maana mara nyingi plastiki yake unaikuta imeyeyuka na pini zimeungua, halafu ethi, halafu koili za magneto. Kazi ya koili mpe fundi umeme.

Kama chaji iko sawa na bado betri inalala kila ukiipumzisha pikipiki siku kadhaa, kuna kitu kinakula umeme swichi ikiwa imezimwa. Fungua waya wa hasi, hamishia mita kwenye tundu la 10A, iunge kati ya waya huo na kichwa cha hasi. Usiwashe swichi wala kubonyeza selfu mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Pikipiki isiyoongezwa kitu husoma karibu na sifuri. Kifaa cha trakingi au chaja ya simu iliyofungwa moja kwa moja betrini vinaonekana hapa. Miliampea 30 zinaonekana si kitu, lakini kwa saa 24 ni 0.72Ah, na betri ya 4Ah iliyojaa inakauka ndani ya siku 6. Ikikaa hivyo wiki kadhaa, salfeti ya risasi inaganda kwenye sahani na betri haipokei chaji tena. Vitu hivyo vihamishie kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwa wazi tu. Kwa trakingi, ambayo lazima iwake muda wote, ichaji betri kila wiki kama pikipiki haitoki.

Betri ya zamani usiibomoe kutafuta risasi na usimwage asidi yake uani. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto kuliko wa watu wazima. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu hiyo kwenye damu na udongo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ipeleke ikiwa nzima, imesimama wima, vifuniko vimefungwa, kwenye duka ulikonunulia mpya. Wengi huipokea na kukupunguzia bei.